Kofia ya Sufu Iliyorudi

Mama mwenzetu, umewahi kufua sweta la mtoto asubuhi, na jioni ukaanua kitu cha kumvika mwanasesere? Sisi akina mama wa Nyahanga limetupata hilo. Tena halikutupata kwa nguo yetu, bali kwa kofia tuliyompa mama mwingine, naye aliiharibu kwa kufuata maneno yetu wenyewe.

Nyahanga ni kata mojawapo ya mji wa Kahama, mkoani Shinyanga. Anayetajiwa Kahama hufikiria jua, mpunga, pamba na dhahabu. Baridi haimjii akilini. Lakini aliyelala huku mwezi wa Juni au Julai anaijua. Mchana unatembea na khanga moja, na alfajiri upepo unaingia chini ya bati mpaka unajikunyata. Mtu mzima huvumilia. Mtoto aliyezaliwa kabla ya siku zake hana mafuta mwilini, wala hawezi hata kutetemeka ili apate joto.

Sisi tulio wauguzi tumezikariri namba hizi tangu chuoni: mtoto mchanga awe na joto la kati ya nyuzi 36.5 na 37.5, na aliyezaliwa chini ya gramu 2,500 ahesabiwe kuwa na uzito pungufu na aangaliwe kwa macho mawili. Kichwa chake ni kikubwa kulingana na mwili, na joto jingi hupotelea hapo. Ndiyo maana humfunga kifuani mwa mama yake, ngozi kwa ngozi, njia iliyoanzia Bogotá nchini Kolombia mwaka 1978, wakati watoto walipozidi mashine za kuwatia joto. Mtoto huvaa nepi, soksi na kofia, basi. Sasa kofia itoke wapi?

Kikundi chetu cha kanisa hukutana Jumamosi alasiri, usafi ukishamalizika. Tunafuma. Kondoo wetu wa Usukumani wana singa fupi kama za mbuzi, huwezi kuzisokota. Wenzetu wa nyanda za juu za Kenya hufuga kondoo wa sufu, Merino na Corriedale, wakawakata manyoya na kusokota nyuzi. Sisi sufu yetu hutoka kwenye belo la mitumba. Sweta kubwa la kiume lililotoboka viwiko halina mnunuzi Kahama, na muuzaji hutuachia kwa bei ya chini afadhali kuliko kulirudisha nyumbani. Tunalifumua, tunauzungusha uzi katika mgongo wa kiti, tunauosha, tunauning'iniza ukauke na kunyooka. Sweta moja hutoa kofia nane, pengine kumi.

Kuna njia ya kujua kama ni sufu ya kweli. Chomoa uzi mfupi, ushike kwa koleo, uwashe kwa kiberiti. Sufu hunuka nywele zilizoungua, hujizima yenyewe na kuacha jivu linalovunjika kwa vidole. Nyuzi za plastiki huyeyuka na kuacha kitone kigumu cheusi. Kwa nini tujisumbue kutafuta sufu, na nyuzi za plastiki zimejaa madukani? Kwa sababu sufu hunywa unyevu hadi karibu theluthi ya uzito wake bila mvaaji kujisikia amelowa. Kwa mtoto anayetoka jasho na kucheua maziwa, hilo si jambo dogo.

Shida yetu ya kwanza ilikuwa rangi. Sufu nyingi tuliyopata ilikuwa nyeupe iliyochakaa au ya kijivu. Tulipopeleka kofia za kwanza wodini, bibi mmoja aliishika yake, akaigeuza, akaturudishia. "Mjukuu wangu hajafa," akasema. "Mbona mnamvika sanda?" Hatukuwa na jibu. Wale waliowahi kumzika mtoto wa siku mbili wanajua alichokuwa anakitazama bibi yule.

Tukaanza kutafuta rangi, na hatukutaka za dukani ambazo hatujui zina nini, maana mtoto hunyonya kila kitu. Rangi ikapatikana sokoni, tena bure: maganda makavu ya vitunguu, yale yanayofagiliwa jioni chini ya meza za wauzaji. Tuliyajaza kwenye gunia huku wakitucheka.

Utaratibu wetu ni huu. Uzi mkavu unapimwa kwanza. Kwa kila gramu 100 tunatia vijiko viwili vya chai vya shabu, ile inayotumika kutuliza maji machafu, tukiiyeyusha kwanza kwenye maji ya moto kando. Shabu ndiyo inayoishikiza rangi kwenye uzi. Bila hiyo utafurahi siku mbili tu. Uzi uliolowa unaingia kwenye maji ya vuguvugu, moto unapandishwa taratibu, saa nzima bila kuyaacha yatokote, kisha unaachwa upoe humohumo. Maganda, uzito uleule wa uzi, yanachemshwa kwenye sufuria nyingine na kuchujwa. Maji yake yakishapoa hadi vuguvugu, uzi unaingia, moto mdogo tena, saa nyingine. Unatoka na rangi ya dhahabu iliyokolea. Akina mama wa huku wanajua dhahabu ikoje, na walipoiona walipiga vigelegele.

Majani ya mwembe yalitupa manjano iliyopoa. Binzari ya manjano ilitupa rangi kali ya kupendeza, lakini jua liliila ndani ya wiki chache. Mzingefuri nao hivyohivyo. Hina ilitoa kahawia. Misumari yenye kutu iliyolowekwa katika siki, tukitia maji yake kidogo sana, iligeuza dhahabu ya vitunguu kuwa kijani cha majani makavu, lakini chuma kikizidi uzi hukakamaa na kukatika, kwa hiyo tuliacha. Uzi wote husuuzwa mpaka maji yawe meupe kabisa ndipo tunaufuma.

Hapa tuseme neno kwa wenzetu wa Geita na wa machimbo madogo. Sufuria ya rangi iwe ya rangi tu, isirudi jikoni. Na iliyowahi kutumika kuchomea dhahabu yenye zebaki isiguswe kwa kazi yoyote ya nyumbani, hata ikisuguliwa ikang'aa. Zamani watengenezaji wa kofia za Ulaya na Marekani walitumia zebaki kuyagandamanisha manyoya ya sungura, wakapata matetemeko na kuchanganyikiwa akili. Marekani iliikomesha kazi hiyo ya zebaki mwaka 1941. Matetemeko hayohayo sisi tunayaona kwa baadhi ya vijana wa machimboni.

Turudi kwenye kofia. Juni ya mwaka juzi tulimpa kofia ya rangi ya kitunguu mama kijana, mke wa mchimbaji mdogo, uzazi wake wa kwanza. Mtoto alizaliwa na gramu 1,900. Walipotoka wodini alikuwa amefika 2,150, ananyonya vizuri. Tulimpa maagizo kama tunavyowapa wote: mfunge kifuani, mlete kliniki kila wiki, nguo zake zote zichemshwe, zisuguliwe kwa sabuni, zianikwe juani na kupigwa pasi. Maagizo ya nepi, kwa kweli. Tumeyasema miaka ishirini. Pasi ni kwa ajili ya mayai ya wale inzi wanaotaga kwenye nguo zilizoanikwa na kuingiza funza kwenye ngozi. Hakuna aliyefikiri kwamba sasa mle ndani ya "nguo zote" mna sufu.

Wiki ya kwanza alikuja. Ya pili hakuja. Ya tatu hakuja. Tulijisemea wamehamia machimboni na mume, kama wanavyofanya wengi. Jumamosi ile mama mweka hazina wetu akasema anaijua nyumba, si mbali, twende. Tulikwenda watatu.

Tulimkuta mama mkwe uani anapepeta mchele. "Mwadila, mayu," tukamwamkia. Akaitikia, akatuletea vigoda, kisha kabla hatujasema lolote akaingia ndani na kutoka na kitu mkononi. Ilikuwa kofia yetu. Imekuwa nene, ngumu, ndogo kama kikombe cha kahawa, hata mishono haikuonekana tena. Isingeingia hata kwenye chungwa.

"Mkwe wangu ameharibu zawadi ya kanisa," akasema. "Nimemwambia asiende kliniki mpaka apate ya kulipa. Atawatazamaje?"

Yule binti alikuwa mlangoni, anatazama chini. Mtoto alikuwa amelazwa kitandani badala ya kufungwa kifuani, kwa sababu alikuwa anafanya kazi za watu apate fedha ya kununua uzi. Tulimshika miguu, ya baridi. Tukaweka kipimajoto kwapani: 35.6. Tuliokuwa pale hatutakisahau kile kipimo. Mmoja wetu alimfunga mama na mtoto pamoja kwa khanga mbili, mwingine akavua kitambaa chake cha kichwani akamfunika mtoto kichwa, na wa tatu akakimbilia bodaboda. Jioni ile walilala wodini. Mtoto alipata nafuu, ashukuriwe Mungu, lakini alikuwa amepungua gramu 90.

Kesho yake baada ya ibada tulirudi kwa mama mkwe kuomba radhi, yeye na mkwe wake. Tulimweleza kwamba binti hakuharibu kitu, alitii. Akatusikiliza, akauliza swali ambalo sisi wenye vyeti hatukuwa tumejiuliza. "Ninyi mliipika kwenye rangi saa mbili nzima, haikurudi. Yeye ameichemsha robo saa. Kwa nini?"

Jibu ni hili, na tulilipata kwa kusoma na kujaribu. Sufu ni nywele. Kila unywele wa kondoo una magamba madogo sana, yamepangwa kama vigae vya paa, yote yakielekea upande mmoja. Ukiyatia joto na sabuni kali magamba huinuka. Hapo bado hakuna ubaya. Lakini ukisugua, kila unywele husogea upande mmoja, hauwezi kurudi nyuma kwa sababu gamba la jirani limeukamata. Unasugua tena, unasogea tena. Nyuzi huvutana, hugandamana, nguo inanywea, na haifunguki kamwe. Sisi kwenye rangi tulipandisha moto taratibu na hatukukoroga. Yeye alisugua kwenye maji ya moto kwa sabuni ya unga, akasuuza kwa maji baridi ya bomba, akakamua kwa kusokota. Alifanya bidii. Bidii ndiyo iliyoimaliza kofia.

Wazo la kwanza lililotujia lilikuwa kuyaondoa hayo magamba. Mmoja wetu alikumbuka nyama ngumu tunayoifunga kwa majani ya mpapai ili iive upesi. Utomvu wa papai bichi una kimeng'enya kiitwacho papaini, kinachokata protini, na sufu ni protini kama nyama, kama nywele, kama ngozi. Wazo halikuwa la kipuuzi. Katika miaka ya 1940 wataalamu wa Uingereza walitumia papaini kukinga sufu isirudi, wakiichanganya na chumvi za salfaiti ili kulifungua gamba kwanza. Na papaini hiyo ilitoka kwetu: Tanganyika, Uganda na mashariki ya Kongo ziliuza nje utomvu uliokaushwa. Wakulima walichanja mapapai mabichi asubuhi kwa kisu kisicho cha chuma, wakakinga maziwa yake, wakayakausha kuwa unga. Wauguzi nao wanaijua nguvu yake: mwaka 1999 hospitali ya Royal Victoria ya Banjul, Gambia, iliripoti jinsi ilivyowatibu watoto walioungua kwa papai lililopondwa, linalokula nyama iliyokufa kidondani. (Hilo lifanyike hospitalini, mama, si nyumbani.)

Tulichanja mapapai sita. Mama aliyekinga maziwa bila glavu alibabuka vidole, tukajua tayari kwamba tunacheza na kitu kisicho mchezo. Fungu la kwanza la uzi tuliloweka kwenye maji ya vuguvugu yenye utomvu, saa moja. Tukalifuma kipande, tukakifua vibaya makusudi. Kilirudi kama kingine chochote. Gamba la sufu ni gumu, papai peke yake halikulifungua. Kwa fungu la pili mtu akashauri tutie magadi "kulisaidia", na maji yawe ya moto zaidi. Uzi uliteleza kama mlenda, ukawa wa manjano mabaya, na ulipokauka ulikatika kwa kuvutwa na mtoto wa miaka minne. Magadi ya moto huila sufu hata bila papai. Hapo tulikuwa tumeweka maadui wawili kwenye sufuria moja. Kiwandani kuna vipimo, mizani, na mtu wa kuzima dawa kwa dakika yake. Sisi tulikuwa na beseni. Tuliliacha papai, na hatumshauri mama yeyote alijaribu kwa nguo ya mtoto. Yaliyobaki tuliyala yalipoiva.

Msaada ulikuja kutoka mahali tulipokuwa tukipakata siku zote: kitambulisho kilichoshonwa ndani ya shingo ya sweta. Siku hizi viwanda vingi vya ng'ambo huyalainisha magamba kwa klorini, kisha huupaka uzi utando mwembamba wa plastiki. Sufu hiyo haigandamani kwa urahisi. Kwenye kitambulisho utaona mchoro wa beseni. Beseni lenye namba ndani ni sweta linaloweza kuingia mashineni. Lenye mkono ndani hufuliwa kwa mkono tu. Lenye alama ya kukatwa lisiguswe na maji. Tulikuwa tukivikata vitambulisho hivyo na kuvitupa bila kusoma! Sasa tunachambua belo kwa kusoma shingo. Sweta za beseni lenye namba ndizo za watoto. Tena sufu hiyo hunywa rangi ya maganda kwa haraka na kukolea kuliko ile nyingine, kwa hiyo moto upandishwe polepole zaidi ili rangi isikamate mabaka. Hatusifu klorini, maana maji machafu ya kazi hiyo ni tatizo huko yanakomwagwa, na sisi tunaoishi jirani na migodi hatuhitaji kufundishwa habari ya maji machafu. Ila sweta lenyewe limeshatengenezwa, na limefika Kahama.

Kwa sufu isiyo na kitambulisho tumebadilisha maneno. Hatusemi tena "nguo zote". Tunamwonyesha mama kwenye beseni pale pale wodini: maji yasiyo ya moto wala ya baridi, kama ya kumwogeshea mtoto, sabuni ya kipande kidogo, iyeyushwe kwanza, ibonyezwe, isisuguliwe, maji ya kusuuzia yawe na joto lilelile, ikunjwe ndani ya taulo na kukandamizwa, isisokotwe, ilazwe kivulini ndani ya nyumba. Mmoja wa akina mama alifupisha vizuri kuliko sisi: "Kumbe ni kuiosha kama kichwa cha mtoto." Tulimkopa maneno hayo, na sasa hatutumii mengine.

Na tunampa kila mama kofia mbili, ili asiwe na kitu kimoja tu cha kuogopa kukiharibu.

Yule binti aliendelea kuja. Mwishoni mwa Agosti mtoto alikuwa na gramu 3,100, analia kwa sauti ya mwenye nyumba. Tulipita kwao kuwasalimu. Mama mkwe alikuwa na chai jikoni, na alipokwenda kuepua sufuria tuliona ameishika kwa kitu kinene cha rangi ya kitunguu. Alikuwa ameipasua ile kofia ubavuni na kuishona pembeni kwa uzi wa gunia.

"Haipitishi moto kabisa," akatuambia. "Mkifuma nyingine ya kuharibika mniletee. Hii ni ya mkono mmoja tu."